Nikisema "Baba yetu" nakwama hapohapo, nifanyeje?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina miaka 24, naomba ushauri na tafadhali msinicheke.

Mzee wetu alikuwa mlevi, akirudi anampiga mama, akimaliza anahamia kwetu. Nilikuwa nalala na viatu mguuni ili kikinuka nisihangaike kuvitafuta gizani. Mpaka leo nikisikia funguo zinagusa kitasa usiku moyo unanienda mbio, na naishi peke yangu, funguo zenyewe ni za jirani.

Sasa kilichonileta. Nimeokoka tangu sekondari, nasali vizuri tu ila ikifika ile sala ya Baba Yetu nakwama mwanzoni kabisa. Wenzangu wanafumba macho wanalia kwa furaha eti Mungu ni baba, mimi nasikia chuma cha mkanda kinagonga mlango. Nikipitiwa siku mbili sijasali basi nakaa nasubiri adhabu, simu ikiita najua ni msiba. Yaani namwogopa Mungu vilevile nilivyomwogopa mzee, kumpenda ndo nimeshindwa.

Mchungaji akasema nimsamehe mzee na nifunge siku tatu. Nimefunga, nimesamehe (nadhani), usingizi haujarudi. Rafiki yangu anayesomea unesi akanionyesha maswali 10 yaliyotokana na utafiti wa Marekani uliotoka 1998, unahesabu mabaya uliyopitia kabla ya miaka 18, akasema kuanzia 4 kwenda juu hatari ya sonona na hata kujaribu kujiua inapanda sana. Nilipata 6. Akanituliza kwamba hiyo namba sio ugonjwa na wapo wenye 6 wanaishi vizuri, ila nimwone mwanasaikolojia. Nilivyogusia kanisani wakasema hayo ni ya watu wasio na imani, na mwezi huohuo tulimchangia mama mmoja hela ya miwani, hakuna aliyemwambia aongeze imani aone!

Kuna aliyepitia hii? Nitafute mshauri mwenye imani kama yangu au haijalishi? Na hiyo sala niiache kwanza au niendelee tu hata kama ndani sisikii kitu?

Mzee yupo, pombe aliacha. Juzi kapiga simu anauliza kama nimekula. Nikakaa kimya weee, halafu nikakata, na mpaka sasa sijampigia.