Wakubwa nao waketi darasani

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, na natumaini mguu wa mzee umepata nafuu. Ujumbe wako nimeusoma, na ratiba uliyoambatanisha nimeisoma zaidi ya ujumbe wenyewe. Nilitaka kukupigia simu, nikaona maneno ni mengi, bora niandike.

Kwanza hongera. Kukabidhiwa mafunzo ya mawasiliano ya idara nzima si jambo dogo, hasa baada ya lile zogo la zamu ya usiku, kijana alipotaka kusema jambo akakatizwa, na sioni nani mwingine angeyaweza hapo kwenu. Ila, shoga yangu, kuna jambo kwenye ratiba hiyo limenikosesha raha. Mkurugenzi anafungua semina saa tatu, wanapiga picha ya pamoja, anaondoka. Wakuu wa vitengo nao hawamo, eti wana majukumu. Wanaobaki kufundishwa kuzungumza ni makarani na vijana wa zamu. Kwani usiku ule kijana hakusema? Si wewe mwenyewe uliniambia alisema, akakatizwa?

Nivumilie nikukumbushe habari ya marubani, maana hawa waliyajua haya kwa msiba. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am la Marekani, ziligongana ndani ya ukungu kwenye njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Rubani mkuu wa KLM hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa akiwafundisha wenzake kuirusha ndege ya aina hiyo hiyo. Walipokuwa tayari wanakimbia kuruka, mhandisi wa ndege aliuliza kama yule wa Pan Am bado hajatoka njiani. Rubani akamjibu kwa mkazo kwamba ametoka, na ndege ikaendelea kukimbia. Sababu zilikuwa nyingi, ukungu, redio kuingiliana, lakini swali lile huniuma kila nikilikumbuka. Mwenye shaka alikuwepo, tena shaka yake aliitamka.

Miaka miwili baadaye, 1979, NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha juu ya ajali za namna hiyo, na mwaka 1981 shirika la ndege la United Airlines ikaanza kuwafunza marubani wake kufanya kazi kama timu. Rubani mkuu alikuwa humo humo darasani. Yeye alijifunza kuuliza na kusikiliza, msaidizi wake akajifunza kusema na kusema tena asiposikilizwa. Mwaka 1989 ndege ya shirika hilo ilipasuka injini ya mkiani, mifumo yote ya kuiongoza ikafa. Kapteni Al Haynes alikuwa na mkufunzi wa marubani miongoni mwa abiria. Akamkaribisha mbele, akamwachia kazi ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini zilizobaki, wakawa wanashauriana wote mpaka mji wa Sioux City, Marekani. Walianguka uwanjani. Kati ya watu 296, waliopona ni 184, na Haynes alikuwa akisema wazi kwamba bila mafunzo yale wasingefika hata hapo. Sasa fikiria kama wangefundishwa wasaidizi peke yao.

Halafu huyo mkufunzi mnayetaka kumwita. Slaidi yake ya pili inasema asilimia 93 ya mawasiliano si maneno. Mwambie aitoe! Hizo namba zinatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambapo watu walisikilizishwa neno mojamoja na kuonyeshwa picha za nyuso ili wakisie msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Zilihusu hisia, na Mehrabian mwenyewe amekwisha kueleza hivyo. Mtu wa zamu akiagizwa afunge valvu ipi, maneno ndiyo kila kitu.

Badala ya slaidi, wape mazoezi ya kukabidhiana kazi. Kwetu tulifanya hivi: wawili wawili, mmoja anaeleza kazi iliyobaki, mwenzake anairudia kwa maneno yake, na haendelei mtu mpaka wa kwanza aseme "ndivyo". Nakumbuka kijana wa stoo akimrudia msimamizi wake: "Kwa hiyo pampu ya pili nisiiwashe mpaka fundi asaini." Msimamizi akatulia kidogo, akasema, "Hapana, ya kwanza." Chumba kizima kilisikia. Yule msimamizi angekuwa ofisini kwake wakati ule, kijana angerudia na nani? Sasa kila zamu inakabidhiwa hivyo, na haichukui muda. Kama mnataka mpangilio wa kushika kichwani, chukueni ule wa hospitali uliotoka kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani: hali ikoje sasa, ilianzaje, mimi naionaje, napendekeza nini. Hicho cha nne ndicho vijana hukiogopa, kwa hiyo kifanyieni mazoezi mara nyingi zaidi, tena mbele ya bosi.

Na lile dodoso la jioni, "umefurahia semina?", lisikudanganye. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa kupima mafunzo, tangu 1959 alitenganisha mambo manne: watu wameyapokeaje mafunzo, wamejifunza nini, wamebadilika kazini, na kazi yenyewe imefaidika. Dodoso lako linaishia la kwanza. Kakae kwenye makabidhiano ya zamu mwezi mmoja baadaye, usikilize.

Najua utasema wakuu hawatakubali kukaa siku nzima. Basi igawe siku hiyo iwe vipindi vya saa mbili mbili kwa wiki kadhaa. Hata kwa kukumbuka, kujifunza kidogo kidogo ni afadhali. Wakikataa hata hivyo, mimi ningeahirisha. Afadhali usubiri kuliko kuwafundisha vijana kusema halafu wakirudi kazini wakatizwe vilevile. Watakaa kimya zaidi ya zamani, na huyo mmoja aliyethubutu usiku ule hatathubutu tena. Huyo ndiye ninayemwonea huruma hasa.

Sasa nijibu. Mkurugenzi umeshamwambia, au ratiba ilipita juu kwa juu? Yule mama wa masjala yuko upande wako? Mkataba na mkufunzi mmesaini, au bado unaweza kubadilishwa? Na kijana mwenyewe, kuna aliyemuuliza alitaka kusema nini usiku ule? Nikutumie yale mazoezi yetu? Nikija mwisho wa mwezi unaweza kunipatia nafasi ya kuongea na wakuu wenu, hata nusu saa?

Msalimie Salma, na mzee asiache dawa.

Wako,
Mama Idi