Mwanangu, ikate kisha uikunje

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Kawangware. Sote tu wazima, na nyanya yako anakusalimu sana.

Uliniambia kwenye simu kwamba pembetatu yoyote ukiipiga mstari kutoka kona moja hadi katikati ya upande unaoelekeana nayo, huo ni mstari wa ulinganifu, kwa kuwa vipande viwili vinatoka sawa. Zamu yako ya simu ikaisha kabla sijakujibu. Naandika kwa sababu nataka jambo hili ulione kwa macho yako, usilikariri tu kwa ajili ya mtihani.

Ni kweli kwamba vipande vinatoka sawa kwa ukubwa. Lakini ulinganifu unadai zaidi ya hapo: ukilikunja umbo kwenye mstari huo, kipande kimoja lazima kikifunike kingine barabara. Chukua karatasi uchore pembetatu yenye pande za sentimita 6, 8 na 10. Kona inayokutanisha 6 na 8 ni ya digrii 90. Piga mstari kutoka kona hiyo hadi katikati ya upande wa 10. Kipande kimoja kitakuwa na pande za 5, 5 na 6, na cha pili 5, 5 na 8. Kila kimoja kina eneo la sentimita mraba 12. Sasa ikate pembetatu yote kwa makasi uikunje pale kwenye mstari: kimoja hakikifuniki kingine. Eneo ni sawa, umbo si sawa.

Sasa tuulizane, mstari wa kweli unapita wapi? Ukikunja pembetatu ikajifunika barabara, kila kona imeangukia kona. Kona ni tatu, na kukunja hupanga kona mbilimbili, basi lazima moja ibaki bila mwenzake. Hiyo ndiyo iliyokaa juu ya mkunjo wenyewe. Kwa hiyo mstari wa ulinganifu wa pembetatu hupita kwenye kona daima, na pande mbili zinazotoka kwenye kona hiyo lazima ziwe na urefu mmoja. Pande zote tatu zikiwa tofauti, usisumbuke kutafuta, hakuna mstari hata mmoja.

Pande mbili zikiwa sawa, mstari ni mmoja. Haya ndiyo ninayoyaona kazini kila siku. Kenchi ya paa lenye miteremko miwili sawa huwa na mbao ya wima katikati, na mbao hiyo imesimama juu ya mstari wenyewe. Mbao ya mteremko wa kushoto nikishaipima, ya kulia naikata kwa kipimo kilekile. Pembe ya juu iwe kali, iwe ya digrii 90, iwe pana kupita hapo, mstari unabaki mmoja.

Pande zote tatu zikiwa sawa, kama ile pembetatu nyekundu ambayo dereva huiweka nyuma ya matatu iliyoharibika barabarani, mistari ni mitatu, mmoja kwa kila kona.

Je, mistari miwili tu? Haiwezekani, na hapa ndipo mimi hupapenda zaidi. Ziite kona A, B na C. Mstari wa A unasema AB ni sawa na AC. Mstari wa B unasema BA ni sawa na BC. Basi AB, AC na BC zote ni sawa, na mstari wa tatu umekuja wenyewe bila kuitwa.

Fungua sasa seti yako ya jometri. Ile seti skwea yenye pembe za 45, 45 na 90 ina mstari mmoja. Yenye 30, 60 na 90 haina. Lakini azima ya rafiki yako inayolingana na yako, uipindue upande wake wa nyuma uwe juu, uziunganishe kwenye ule upande mrefu kati ya pande mbili zinazofanya pembe ya 90. Utapata pembetatu ya pande tatu sawa, yenye mistari mitatu. Ukiziunganisha kwenye upande mfupi, utapata pembe za 30, 30 na 120. Hiyo ina mistari mingapi? Niandikie jibu pamoja na sababu.

Na vile vipande viwili vya pembetatu ya 6, 8 na 10 usivitupe. Vitazame tena pande zake: kila kimoja kina mstari wake.

Ni mimi akupendaye,
Babako