Tarehe ya kurudi

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu na kila mara nimecheka palepale: "Hivi Zuhura, miaka yote hiyo unasomea nini kwenye moyo kisichoisha?" Mama naye huniuliza hivyohivyo, ila yeye humalizia na habari za kuolewa. Suala la mwanafunzi wako, yule mgonjwa wa moyo ambaye baba yake haoni sababu ya kuchomwa sindano za penisilini kila mwezi, haliwezi kujibiwa kwa meseji, ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Watu wakisikia idara ya moyo ya hospitali ya kufundishia, wanafikiria vifua vilivyopasuliwa na mashine zinazolia. Yapo hayo. Lakini siku yangu mimi huanza saa moja na nusu kwenye kikao cha asubuhi. Aliyekuwa zamu ya usiku anaeleza nani kapokelewa na nani katutoka, na wanafunzi wa mwaka wa tano wamejibanza ukutani wakiomba profesa asiwaone. Kisha raundi, na raundi yetu ni ya kukomaza miguu. Kitanda kimoja kinaweza kula dakika arobaini, maana profesa haruhusu mtu aguse majibu ya eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kabla hajasema kwa kinywa chake amesikia nini kifuani mwa mgonjwa.

Wiki iliyopita alilazwa dada mmoja ambaye valvu yake, yaani mlango wa kupitishia damu ndani ya moyo, imebana. Ukimgeuza alalie ubavu wa kushoto akatoa pumzi, unasikia mngurumo wa chinichini, kama lori linalopanda mlima kwa mbali. Wanafunzi sita wakasikiliza, watano wakasema wameusikia. Wa sita, binti mdogo wa Kigoma, akasema, "Mimi sijasikia kitu." Profesa akamsifu yeye, kisha akamshikia kile chombo cha kusikilizia kifua mahali penyewe mpaka uso wake ukabadilika. Mgonjwa mwenyewe akauliza, "Umenisikia sasa?"

Mchana ni tasnifu, fomu za kamati ya maadili, na simu. Simu ndizo zinazonichosha. Ukifanya utafiti wa wagonjwa lazima ujue miezi sita baadaye wako wapi, kwa hiyo unapiga, anapokea mtoto, anakwambia, "Bibi tulimzika Ijumaa." Unaandika tarehe kwenye fomu, unatoa pole, unapiga namba inayofuata.

Siku ninayoipenda ni Alhamisi, kliniki ya warfarin. Hii ni dawa ya kuzuia damu isigande. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, lakini mtu aliyewekewa valvu ya chuma bila dawa hiyo damu itamgandia kwenye valvu, na likichomoka bonge likapanda kichwani ndiyo kiharusi. Tatizo lake, ikizidi unavuja damu, ikipungua inaganda. Kipimo chake tunakiita INR: namba ikipanda, damu inachelewa zaidi kuganda. Mimi na wewe tuko kwenye moja hivi. Mwenye valvu ya chuma upande wa kushoto, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya moyo, tunataka awe kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Basi wanakuja, wanatobolewa kidole, tunapandisha au tunashusha dozi. Mlangoni kuna sista wetu wa siku nyingi anayeandika tarehe ya kurudi kwa kalamu nyekundu. Hakuachii kadi mpaka uitamke tarehe hiyo kwa sauti. Nilipofika mara ya kwanza nilimwona anapoteza muda.

Sasa nikuambie aibu yangu. Kulikuwa na mama mmoja wa Mkuranga, INR yake ilikuwa inapanda na kushuka. Nilikuwa nimesoma kwamba mboga za majani zina vitamini K na kwamba inashindana na dawa. Nikamwambia kwa ujuaji wote: mama, kisamvu acha, mchicha acha, matembele acha. Akaacha kweli, maana ni mtiifu kuliko mimi. Baada ya wiki mbili na nusu akarudi fizi zinavuja damu, INR imepita sita. Dozi yake ilikuwa imepangwa juu ya kisamvu chake cha nazi! Nilipoondoa mboga, dawa ikabaki peke yake uwanjani. Tukamlaza, tukasimamisha vidonge, tukawa tunampima kila asubuhi mpaka akatulia. Sista hakunigombeza. Aliniambia tu, "Daktari, ungemuuliza kwanza anakula nini." Tangu hapo ninachosema ni kwamba ale mboga zake, ila kiasi kilekile wiki kwa wiki.

Mwaka 2022 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa unaoitwa INVICTUS, wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24, wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi na mapigo yaliyovurugika. Nusu walipewa dawa mpya isiyohitaji kupimwapimwa, nusu warfarin na mfano wake. Wengi tulitarajia ya kisasa ishinde. Waliopata kiharusi, mshtuko wa moyo, bonge la damu kwingineko mwilini au kifo walikuwa 560 kati ya 2,275 upande wa dawa mpya, na 446 kati ya 2,256 upande wa kizee hiki. Wataalamu bado wanabishana kwa nini. Mimi ninayekaa kliniki ile naamini sehemu ya jibu imo kwenye kalamu nyekundu: anayeitwa kila mwezi huonwa kila mwezi, na miguu ikianza kuvimba kuna mtu wa kuigundua.

Hapo ndipo anapoingia kijana wako. Baba yake anasema mtoto anacheza mpira, sindano za nini? Mwambie hivi. Naye ni homa hiyohiyo ya baridi yabisi, na ilianza na mafindofindo yasiyotibiwa. Mwili ukapigana na vijidudu vya koo, kisha ukakosea adui, ukageukia viungo na valvu za moyo. Magoti yamepona, valvu imebaki na kovu. Kila koo litakaporudi, kovu linaweza kuongezeka, na ile penisilini ya kila wiki nne iko pale kuzuia koo lisirudi. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, walipima mioyo ya watoto zaidi ya laki moja ili kuwapata wale ambao ugonjwa umeanza kimyakimya. Walipofuatilia miaka miwili, waliozidiwa walikuwa 3 kati ya 399 waliochomwa kila mwezi, na 33 kati ya 400 ambao hawakuchomwa. Nao walikuwa watoto wa kucheza mpira, Rehema.

Sindano yenyewe inauma, simfichi mtu. Dawa ni nzito kama maziwa ya mgando na inasukumwa polepole. Mwombe nesi aichanganye na ganzi kama ipo, na mtoto ale kwanza. Itaendelea miaka, angalau mpaka avuke ishirini, kwa hiyo mzee asidhani ni ya muhula mmoja. Na akisikia koo linamuuma, tafadhali asipelekwe kukatwa kimeo, apelekwe zahanati.

Ninachokuomba: andika tarehe yake pembeni ya daftari la mahudhurio, na siku hiyo asihesabiwe mtoro. Nitumie na mimi, nitaiweka kwenye kalenda yangu ya ukutani karibu na zamu zangu, nikupigie jioni yake kuuliza kama alikwenda.

Wasalimie wote hapo Muheza. Msimu wa machungwa ukianza usijifanye umenisahau.

Wako,
Zuhura