Barua kwa mwanangu: mwanzo wa insha yako juu ya Kinjeketile

Wete, usiku wa Jumatano

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Picha ya ukurasa wako ilinifikia jana magharibi, nimekaa ukumbini na bibi yako tunachambua karafuu. Nilifuta mikono nikaisoma, na baada ya isha nikairudia. Nimeona nikuandikie barua, maana maneno ya kwenye simu huingia sikio moja yakatokea la pili, na hili nataka uwe nalo huko dakhalia ulirejelee ukiwa umetulia.

Umeanza hivi: "Tangu zamani binadamu amekuwa akibadilika kulingana na mazingira." Ukafuatisha maana ya tamthilia. Kisha ukaingia Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, ukatili wa Wajerumani. Nimehesabu mistari 14 kabla Kinjeketile hajatajwa, na swali uliloulizwa ni juu yake yeye: anabadilika vipi katika tamthilia ya Ebrahim Hussein. Hukukosea jambo hata moja katika mistari hiyo. Lakini mwenzako aliyepewa swali juu ya mhusika mwingine kabisa angeweza kuichukua sentensi yako ya kwanza akaibandika kwake, na isingemkataa. Nimesahihisha insha miaka 22, mwanangu, na sentensi hiyo nimekutana nayo mara nyingi mno. Msahihishaji akiiona, jicho lake huruka lenyewe kwenda kutafuta pale mwandishi alipoanza kusema.

Sikiliza yaliyotokea hapa juzi. Jirani yetu alikuja mbio asubuhi, buibui hata hakulivaa sawasawa, akasimama mlangoni: "Mmesikia? Mzee kamuuza ng'ombe wake wa mchezo!" Unamjua mzee ninayemsema. Ng'ombe yule akiugua, yeye hulala bandani. Bibi yako aliacha ungo wake, na wote tukauliza kwa pamoja: "Kulikoni?"

Angalia jirani alivyofanya. Hakuanza kwa kutueleza kwamba watu wa Pemba tangu enzi hizo wanapenda mchezo wa ng'ombe. Katuwekea mtu tunayemjua upande mmoja, na kitendo kisichofanana naye upande wa pili, na ule mwanya uliobaki katikati ndio uliotufanya tuulize. Utangulizi wako nao unatakiwa unifikishe hapo, kwenye "kulikoni".

Ila jirani alikaa kwanza, akanywa chai, ndipo akatwambia sababu: mjukuu alimfuata babu yake uwanjani, akakoswakoswa na pembe. Hapa insha inaachana naye. Wewe usiningojeshe. Sababu ya mabadiliko uitaje pale pale mwanzoni, kwa maneno machache, kisha kurasa zinazofuata zinithibitishie kuwa ndiyo. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wakiificha kama zawadi ya Sikukuu, wakidhani ndiyo kumvutia msomaji. Msomaji wa insha huvutwa na dai lenye uzito, akataka kuona utalibeba vipi.

Sasa tuje kwa Kinjeketile mwenyewe. Katika rasimu yako umeandika kwamba "amebadilika sana". Kutoka wapi kwenda wapi? Mchukue tukio kwa tukio. Kwanza tunaye mtu aliyejifungia na mawazo yake. Anapandwa na Hongo, yule mzimu wa mtoni, anaingia majini, na anapotoka anatoa neno la maji, kwamba yatawakinga na risasi za Mjerumani, na watu waliokuwa wakinyoosheana vidole kwa ukabila wanakuwa kitu kimoja. Hapo anaamini. Baadaye anayapima maneno yaliyomtoka alipokuwa amepandwa, na kati yake limo hili: kwamba Mjerumani akishaondoka, watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule sultani wa Zanzibar.

Usilipite jina hilo haraka kama ulivyofanya. Wewe ni mtoto wa Pemba, unaijua mikarafuu hii ilistawi katika zama za nani. Seyyid Said alifariki 1856, karibu miaka 50 kabla ya vita vile, na bado jina lake linatoka kinywani mwa mtu wa Rufiji anayepigania asitawaliwe na mgeni. Kinjeketile anashtuka. Neno alilodhani ni la ukombozi lina bwana mwingine ndani yake. Basi ni la nani? Kuanzia hapo shaka inamla, na watu wameshalishika neno lake, hawezi kuwapokonya.

Na mwisho? Yumo mikononi mwa askari, anatakiwa aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo. Haamini tena kama alivyoamini mwanzo, na bado anakataa kusema, kwa kuwa akiyakana, watoto watakuja kuambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana.

Mimi hapa ndipo ninapoipenda tamthilia hii kupita kiasi. Ukimtazama kwa nje utasema hakubadilika: mwanzo kasema maji, na mwisho kakataa kuyakana. Mabadiliko yote yametokea chini, kwenye sababu ya kusimama pale aliposimama. Mwanafunzi anayeliona hili hana haja ya "tangu zamani binadamu".

Ningeanza mimi, ningejaribu hivi:

"Kinjeketile anapotoa neno la maji, analiamini. Anapokataa kulikana mbele ya Wajerumani, imani ile imeshamtoka. Baina ya nyakati hizo mbili limepita jina moja, Seyyid Said, lililomfanya ashuku kuwa neno lililotoka kinywani mwake halikuwa lake. Insha hii inaonyesha kwamba msimamo wa Kinjeketile unabaki ule ule hali sababu ya kuushika inageuka: mwanzo anasimama kwa ajili ya Hongo, mwisho kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa."

Usiinakili. Nimeiandika ili uone ilivyo fupi, na kwamba kila sentensi ingekataa ukiihamishia kwa mhusika mwingine. Wewe pengine utaona kilichomgeuza si jina lile, ni mzigo wa kuaminiwa na umma. Ukiweza kulitetea kwa matukio, lishike, wala usiniogope.

Na jihadhari na jambo moja ulilolichanganya. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza. Wa tamthilia anaishi zaidi ya hapo, anayaona matokeo ya neno lake. Mtunzi mwenyewe ametanguliza kusema kwamba mtu wake ni wa kubuni. Tamthilia ilichapwa 1969, na unayeandika habari zake ni huyo wa jukwaani. Ukianza na vita vya kwenye vitabu vya historia, utamzika kabla hajapata kubadilika.

Ile mistari 14 usiichane. Tukichambua karafuu, makonyo, vile vikonyo vyake, hatuyatupi, yanakwenda Wawi kiwandani yakakamuliwe mafuta. Lakini hatuyaaniki jamvi moja na karafuu. Habari za pamba na kodi zitakufaa katika aya ya pili au ya tatu, utakapoeleza kwa nini watu walilihitaji neno lile kiasi cha kutokubali kulirudisha. Maana ya tamthilia iache kabisa, anayekusahihisha anaijua.

Andika utangulizi mara tatu, kila mara karatasi mpya, bila kuchungulia ya nyuma. Kisha msomee mwenzako wa kitanda cha jirani, na unyamaze. Akiuliza swali, uko njiani. Akisema "nzuri" akageuka ukutani, rudi kwenye meza.

Baba yako Ijumaa anampa mtu wa boti ya Mkoani pakacha lako, lipokee bandarini Malindi, Unguja. Mna mofa za bibi yako, na daftari langu la zamani nililonakili matukio ya tamthilia hii onyesho kwa onyesho. Kurasa zake zimelegea, lifungue taratibu.

Mama yako