Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Usafiri wa London: Tuonyesheni Ramani za Zamani za Njia ya Jubilee

Mheshimiwa Kamishna,

Salaam. Mimi ni mkazi wa Kingsbury, kaskazini-magharibi mwa jiji, na treni yangu ya kila siku ni ya njia ya Jubilee, mojawapo ya njia za treni za chini ya ardhi za London. Ombi langu nalitanguliza ili lisipotelee kwenye maelezo: naomba ramani za zamani za njia hii zitundikwe kwenye vituo vyake, kila moja na mwaka wake, abiria azione akiwa anasubiri treni. Nimeliandika kwa Kiswahili kwa sababu kandokando ya reli hii Kiswahili kina wenyewe, na baadhi yao waliipanda kabla haijaitwa Jubilee.

Ndani ya kila behewa, juu ya milango, kuna mchoro mrefu mwembamba. Mstari ni wa kijivu, vituo ni 27, ncha moja Stanmore na nyingine Stratford. Kila kituo kina kijistari chake, na penye kubadilisha treni pana duara. Abiria huinua macho, huhesabu vituo vilivyobaki, kisha hurudi kwenye simu yake. Mchoro umetulia kiasi kwamba mtu hudhani reli yenyewe ilizaliwa hivyo, kijivu na vituo 27. Lakini nyuma ya mchoro huo kuna miaka zaidi ya 90 ya kufuta na kuchora upya, na kila ufutaji ulikuwa uamuzi wa watu waliokaa ofisini, tena mara nyingi kwa sababu nzuri ambazo hakuna anayezikumbuka.

Tuanze na Stanmore. Tawi hilo lilifunguliwa tarehe 10 Desemba 1932, na wenyewe walikuwa Metropolitan, reli ileile iliyoanzisha usafiri wa chini ya ardhi duniani mwaka 1863. Mwezi uliofuata, Januari 1933, ramani ya Harry Beck ilianza kugawiwa abiria, ile ya mistari iliyonyooka ambayo dunia nzima imeiiga, na humo tawi la Stanmore lilikuwa la zambarau. Basi tatizo likawa Finchley Road. Treni za Metropolitan kutoka matawi yote ya kaskazini-magharibi zilikuwa zinabanana pale, zikigombea reli mbili tu za kuingia Baker Street. Wahandisi wakachimba mahandaki mapya kutoka Finchley Road hadi Baker Street, na tarehe 20 Novemba 1939, vita vikiwa vimeshaanza, tawi la Stanmore likakabidhiwa njia nyingine ya chini ya ardhi, Bakerloo. Rangi ikawa kahawia. Vituo viwili vya Metropolitan, Lord's na Marlborough Road, vikafungwa wakati huohuo, na chini yake wakapata kituo kipya cha St John's Wood. Hadi leo, ukiwa Neasden au Dollis Hill, utaziona treni za Metropolitan zikipita kando yako bila kusimama; hivyo vilikuwa vituo vyao, wakaviacha.

Msongamano haukuisha, ulihama tu. Bakerloo sasa ikawa na matawi mawili yanayokutana Baker Street, moja la Stanmore na jingine la Queen's Park, na treni za pande zote mbili zikawa zinasubiriana kabla ya kuingia katikati ya jiji. Ikabidi ijengwe njia nyingine kabisa. Walipoipanga waliiita Fleet, kwa jina la mto uliofunikwa chini ya jiji na mtaa wa Fleet Street ambako ilikusudiwa kupita. Mwaka 1977 malkia Elizabeth alitimiza miaka 25 ya utawala, siasa za Baraza la Greater London zikaingia, na Fleet ikapewa jina la Jubilee kabla haijabeba abiria hata mmoja. Miaka hiyo 25 inahesabiwa tangu Februari 1952, na siku baba yake alipofariki yeye alikuwa Kenya, Treetops, kwenye misitu ya Nyandarua karibu na Nyeri. Watu wetu wengi wanaopanda treni hizi hawajui kwamba jina lililoandikwa mlangoni lina mzizi Nyeri. Njia ilifunguliwa kwa umma tarehe 1 Mei 1979, Stanmore hadi Charing Cross, na kahawia ikawa kijivu.

Kwa hiyo kituo kimoja, bila kusogea hata hatua moja, kimekuwa cha zambarau, kahawia na kijivu. Leo abiria anayeteremka Stanmore atajuaje?

Kuna watu waliojikuta wamebadilishiwa ramani wakiwa humohumo ndani ya treni, na hao ndio sababu kubwa ya barua hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Waasia wengi waliondoka Kenya, na mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wale wa Uganda. Wengi wao walikuja Wembley, Kingsbury, Queensbury na Harrow. Jirani yangu mmoja, mama mzaliwa wa Jinja, alifika mwaka huo. Ukimtembelea mtaongea Kiswahili kuanzia hodi mpaka kwaheri. Ndani ya bahasha ya hati zake za kusafiria ameweka ramani ya mfukoni aliyopewa alipofika, imekunjwakunjwa mpaka kwenye mikunjo wino umepauka, na mkunjo mmoja umepita juu ya jina la Wembley Park. Mstari wa kwenda Stanmore ni wa kahawia. Hiyo ndiyo ramani aliyojifunzia jiji: kazi iko wapi, msikiti uko wapi, hospitali inafikiwa kwa kubadilisha wapi. Kwa desturi yake bado huita treni zetu Bakerloo. Wajukuu humsahihisha, kwa kuwa hawajawahi kuona kitu cha kuwaonyesha kwamba bibi anasema kweli. Ubao mmoja pale Kingsbury ungetosha.

Mwaka 1999, Mheshimiwa, ndio ninaotamani kuuona ukutani kuliko miaka mingine yote. Sehemu mpya ya kwenda Stratford ilikuwa lazima imalizike kabla ya sherehe za milenia kwenye kuba la North Greenwich, na muda ulibana, hivyo ikafunguliwa kwa vipande. Mei walianza Stratford hadi North Greenwich. Septemba wakasogea Bermondsey, kisha Waterloo. Kwa miezi kadhaa Jubilee ilikuwa njia mbili zenye jina moja na rangi moja, ya magharibi ikiishia Charing Cross na ya mashariki haijaigusa ya magharibi popote. Tarehe 20 Novemba zikaunganishwa. Westminster, ambako walikuwa wanachimba shimo refu ajabu kando ya mto na reli ya District ikiendelea kufanya kazi juu yake, kilingoja mpaka tarehe 22 Desemba. Kabla ya hapo treni zilipita bila kusimama. Hebu mfikirie abiria wa mwaka ule akiinua macho kutazama mchoro juu ya mlango. Kila baada ya muda ulikuwa umegeuka, na watu wa ofisi yako walikuwa wanapita behewa kwa behewa kuubadilisha. Kazi ya mikono ya watu hao haina kumbukumbu yoyote mahali abiria anapopita.

Na Charing Cross je? Kituo hicho kilikuwa mwisho wa njia kwa miaka 20. Ili kukipata, vituo viwili vya zamani, Strand na Trafalgar Square, viliunganishwa, na kile kilichokuwa kinaitwa Charing Cross kikahamishiwa jina la Embankment. Kazi yote hiyo, kisha Novemba 1999 njia ikakatiza kutoka Green Park kuelekea Westminster, na Charing Cross ikatoka kwenye mchoro wa Jubilee. Majukwaa yake bado yapo chini, mazima, hukodishwa kwa wapiga filamu. Abiria wa Bakerloo na Northern wanaobadilisha treni palepale hawana habari kwamba kuna majukwaa ya njia ya tatu karibu nao. Ikiwa kuna mahali pamoja pa kutundika ramani ya mwaka 1979, ni hapo.

Ramani zilizofutwa zina ushahidi ndani yake, na hili nalisema kwa uzito. Mpango wa Fleet haukuwa uishie Charing Cross. Ulikuwa upite Cannon Street na Fenchurch Street, uvuke mto, ufike New Cross na Lewisham. Reli ilipojengwa hatimaye ilielekea Canary Wharf, kwenye minara ya mabenki, na Lewisham ikaachwa. Sasa Lewisham inaahidiwa Bakerloo, kupitia Old Kent Road, na bado inasubiri. Kaskazini nako, ramani za mwishoni mwa miaka ya 1930 zilichora matawi ya njia ya Northern kwenda Bushey Heath na Alexandra Palace kama reli zinazojengwa. Vita vikaja, mpango ukafa, na matawi yale yakaondolewa kwenye karatasi. Mkazi wa Lewisham ana haki ya kuona mchoro wa miaka ya 1970 ukutani na kuulinganisha na anaoahidiwa leo. Mtaulizwa maswali, ndiyo. Ni maswali ya haki.

Si kila badiliko ni la kulalamikiwa. Alama ya kiti cha magurudumu ni mfano ninaoupenda. Kuanzia Westminster hadi Stratford alama hiyo haikatiki, vituo 11 mfululizo, kwa sababu sehemu hiyo ilijengwa na lifti tangu mwanzo. Upande wetu wa kaskazini imekuja kwa kudonolewa: Green Park ilipata lifti zake kabla ya Olimpiki ya 2012, na vituo vingine vimepata zake kimoja kimoja. Swiss Cottage na St John's Wood bado. Mtu akiweka mchoro wa mwaka 2000 kando ya mchoro wa leo, ataona fedha zake zilikokwenda, na ataona pia mapengo yaliyobaki, kwa haraka kuliko ripoti yoyote mtakayoandika.

Najua mtu ofisini kwako atasema ramani za zamani zitapoteza abiria. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mgeni aliyeteremka Heathrow asubuhi. Lakini zisiwekwe penye ramani za kuongoza safari. Ziwekwe kwenye kumbi za tiketi au kwenye kuta za majukwaa ambako leo kuna matangazo ya biashara, mwaka umeandikwa kwa tarakimu kubwa juu, na chini mistari miwili ya maelezo: nini kilibadilika na kwa nini. Gharama nayo si ya kutisha, maana Makumbusho ya Usafiri pale Covent Garden yako chini ya mamlaka yenu na yana hazina ya ramani. Ninachoomba ni zitoke kule, zifike walipo wenye njia. Mama wa Jinja hawezi kukata tiketi ya makumbusho na kupanda ngazi kwenda kuangalia mstari aliousafiria nusu karne.

Na ninajua mnasikiliza. Septemba 2009 mto Thames uliondolewa kwenye ramani kuu ili karatasi ipungue msongamano. Watu walipiga kelele, Meya wa wakati huo Boris Johnson akaagiza urudishwe, na Desemba mwaka uleule ulikuwa umerudi. Mto huo kwenye ramani hausaidii mtu kubadilisha treni. Watu waliutaka kwa sababu bila huo hawakuona jiji lao.

Tangu hapo mchoro wetu umebadilika tena. Mwaka 2022 njia ya Elizabeth iliingia Stratford, Canary Wharf na Bond Street, Bond Street ikichelewa mpaka Oktoba. Novemba 2024 treni za Overground, zile za reli za juu ya ardhi, zikaanza kupewa majina mapya kwenye ramani, na ghafla West Hampstead tunabadilishia Mildmay, Canada Water tunabadilishia Windrush. Windrush ni jina la meli iliyoleta watu wa Karibiani mwaka 1948, na nafurahi kuliona pale. Limeweka safari ya wahamiaji kwenye ramani ya jiji. Kwa moyo huohuo naomba kila mchoro unaobanduliwa kwenye behewa sasa, nakala yake moja ihifadhiwe na iandikwe tarehe ya kubanduliwa. Hilo linaweza kuanza wiki hii bila kikao.

Tarehe 1 Mei 2029 Jubilee itatimiza miaka 50, na tarehe 10 Desemba 2032 tawi la Stanmore litatimiza 100. Sioni sababu ya kungoja hiyo ya pili, kwa kuwa waliofika hapa wakati mstari ni wa kahawia wanazeeka. Kwa hiyo naomba vibao vinne viwe tayari ifikapo Mei 2029: Stanmore kwa rangi zake tatu, Kingsbury, Charing Cross, na North Greenwich kwa ule mwaka wa vipande. Niko tayari kuandika maelezo ya Kiswahili ya kibao cha Kingsbury bila malipo, na nina majirani watakaoandika ya Kigujarati.

Nasubiri jibu lako.

Wako,
Abiria wa Kingsbury