Asante, dada wa jumba la picha pale Amherst, Marekani

Dada yetu, jina lako hatukuliuliza, ila shukrani hizi zikufikie popote ulipo. Tulikuja na watoto kutoka Springfield kuona picha halisi za vitabu kwenye jumba la Eric Carle, yule mchoraji wa vitabu vya watoto, jumba lililofunguliwa mwaka 2002. Watoto walishangaa mbona taa ni hafifu, ukawaeleza kwamba mwanga mkali hufifisha rangi. Kisha ukachuchumaa nao, ukawaonyesha jinsi Carle alivyokuwa akipaka rangi karatasi nyembamba, akizikata na kuzibandika kipande juu ya kipande. Hata michirizi ya brashi ilionekana, kitu ambacho kitabuni hukioni vizuri hivyo! Na bibi yetu asiyejua Kiingereza ukamletea kiti, atazame kwa raha zake. Mungu akubariki sana, dada.