Ile sura ya Mirihi ni kivuli, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalinunua tangu likiuzwa shilingi mia mbili, na sijawahi kuwaandikia. Hata mlipoihamishia Ukerewe mkoa wa Mara nilinyamaza. Lakini ile "sura ya mtu" juu ya sayari ya Mirihi mliyoibandika ukurasa wa tatu, na alama ya kuuliza kana kwamba jibu halijulikani, imenishinda.

Jibu lipo, tena la zamani. Picha ile ilipigwa na chombo cha anga cha Marekani, Viking 1, Julai 1976, jua likiwa chini, vivuli virefu. Nukta moja ya picha ilibeba ardhi yenye upana wa karibu mita 50. Nyumba yangu, ya jirani na choo chetu vingeenea humo. Hata tundu moja la pua la "sura" hiyo ni doa jeusi tu, pale data ilipopotea njiani picha ikitumwa duniani. Mwaka 2001 chombo kingine, Mars Global Surveyor, kikapiga palepale, nukta moja haifiki mita 2. Kumbe kilima tu, kimeliwa na mmomonyoko.

Sasa sikilizeni mlichonifanyia. Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi hapa Kirumba, nimenyolewa upande mmoja. Kijana akaliona gazeti lenu kwenye benchi, akazima mashine, akaanza: "Mzee, wazungu wanatuficha, kule kuna watu." Nikamweleza. Wateja wawili wakawa upande wake, eti "gazetini imeandikwa". Nikasema nendeni Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani hapa Mwanza, saa kumi na mbili kasoro jioni, mtaona pua, kidevu, mzee mzima anasinzia. Rudini saa sita mchana, mtakuta jiwe. Wakacheka. Mara umeme ukakatika. Nikapita sokoni na kofia ya kuazima, mimi niliyefundisha jiografia miaka thelathini na moja, naamkiwa na niliowafundisha: "Shikamoo mwalimu, leo kofia?"

Na kama mna hamu ya mawe, yapo ya hapa. Milimani yamepakwa rangi namba za simu za waganga, mengine yanapondwa kokoto huku watu wamelala chini yake. Hayo hamna alama ya kuuliza.

Mtumeni mpigapicha wenu aende Kamanga, kivukoni, jirani na jiwe hilo la Bismarck. Apige Bismarck saa sita kamili, apige tena jioni, picha zikae sambamba ukurasa uleule wa tatu, saa imeandikwa chini ya kila moja. Nauli ya daladala nitamlipia. Akikuta jua limeshazama, aje na tochi alimulike jiwe kwa ubavuni. Sura atazipata hadi achoke.

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza